Kalibu iliyosanifiwa na kutengenezwa kwa pamoja: tathmini ya huduma

Karakana iliyotutengenezea kalibu (umbo la chuma linalodungwa plastiki iliyoyeyuka) ya mfuniko wa plastiki wa kifaa cha umeme haikusubiri mchoro ukamilike ndipo iguse kazi, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Karakana nyingi hupokea mchoro uliokwisha kuidhinishwa na kukata chuma vivyo hivyo, hata kasoro zije kuonekana siku ya majaribio, wakati chuma kimeshatiwa ugumu na kila rekebisho linadai kuchomelea na kukata upya. Uhandisi sambamba, yaani kusanifu bidhaa na kuandaa utengenezaji wake kwa wakati mmoja, si jambo geni, kwani ripoti ya Institute for Defense Analyses ya Marekani iliueleza rasmi mwaka 1988, na Boeing iliutumia kuunda ndege ya 777, lakini kuukuta ukifuatwa kikweli katika karakana ndogo ni nadra.

Msanifu wetu, fundi wa kalibu na mwendeshaji wa mashine ya kudunga plastiki walikaa pamoja mbele ya modeli moja ya kompyuta. Fundi alionyesha ukuta wa ndani uliosimama wima kabisa, akaeleza kwamba plastiki ikisinyaa ingeng'ang'ania kiini cha kalibu (sehemu inayounda upande wa ndani) na pini za kuisukumia nje zingeacha alama, hivyo mwinamo wa nyuzi 1 ukaongezwa palepale. Mbavu za kuimarisha mfuniko zilizokuwa nene sawa na ukuta zilipunguzwa hadi karibu nusu ya unene huo, kwa kuwa sehemu nene huchelewa kupoa na kuuvuta uso wa nje ukabonyea. Lililonifurahisha zaidi ni ndoano ya kufungia: kwa kutoboa tundu chini yake, kalibu iliweza kufunguka moja kwa moja, na kile kipande cha kuteleza pembeni, ambacho huongeza gharama na huchakaa mapema, hakikuhitajika tena.

Wakati hayo yakijadiliwa, fremu ya kalibu ilikuwa imeshaagizwa na ukataji wa awali umeanza, huku chuma cha ziada kikiachwa kwenye sehemu ambazo vipimo vyake havijaamuliwa. Walikataa, kwa haki kabisa, kukamilisha uvungu (nafasi inayoipa plastiki umbo lake) kabla hatujachagua aina ya plastiki, maana polipropilini husinyaa kwa asilimia 1 hadi 2.5 ilhali ABS, aina nyingine ya plastiki, haifiki asilimia 1.

Udhaifu wao ni utunzaji wa matoleo ya michoro. Elektrodi moja (kipande kinachotoa cheche) ya mashine ya kukata chuma kwa cheche za umeme ilichongwa kwa kufuata toleo lililokwisha kubadilishwa, ikabidi ichongwe nyingine, kosa ambalo ni la hatari zaidi katika utaratibu huu kwa sababu mchoro hubadilika wakati mashine zinafanya kazi. Ninaipendekeza karakana hii kwa mteja aliye tayari kumtoa msanifu wake ahudhurie vikao vyote, ila adai kwa maandishi kwamba mtu mmoja tu ndiye mwenye mamlaka ya kuidhinisha toleo linalokwenda kwenye mashine.