Nimetibiwa sonona kituo cha afya cha kawaida tu huku Mbagala

Nianze na hili maana wengi hawalijui, sio lazima uende Muhimbili kwa dokta wa akili ndo utibiwe sonona, huo ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu ya mambo. Mi nimetibiwa kituo cha afya cha mtaani, na dada dokta yule yule anayetibu malaria na vikohozi vya watoto. Yeye nampa nyota nne na nusu, kituo chenyewe mbili, sababu mtaziona.

Mwaka jana nilikuwa nimeshajiaminisha nina presha. Daladala ya asubuhi ya Kariakoo ikishajaa tu moyo unaanza kwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, jasho, yaani naona kabisa leo ndo leo, kuna siku nilishuka njiani nikakaa chini pembeni ya muuza mihogo mpaka yule mama akanipa maji. Usiku saa tisa niko macho. Dukani mteja kasema mita nne mi nakata tatu. Nikazunguka zahanati, presha wanapima iko sawa, nikanywa mseto mara mbili, nikaambiwa taifodi, nikachoma sindano, wapi! Dada yangu akaanza kuulizia mtaalamu Bagamoyo eti nimetupiwa kitu.

Huyu dokta akapima wingi wa damu na sukari, vikawa sawa, akaniuliza "kaka, unalalaje?" nikamjibu nalala chali. Akacheka weee, halafu akatoa karatasi. Maswali 9, kila moja ni kuhusu wiki 2 zilizopita: kukosa hamu ya mambo, kujiona huna thamani, usingizi, kula, mwili kuchoka. Unajibu kuanzia hapana kabisa ambayo ni 0 mpaka karibu kila siku ambayo ni 3, jumla ya juu 27, mi nikapata 14. Kuna karatasi nyingine ya wasiwasi, maswali 7, huko nikapata 15 kati ya 21. Kwakweli nilidharau, nikajua hiki ni kipimo gani hakina hata damu, ila lile la usingizi lilivyosomwa nilijikuta natoa machozi kama mtoto.

Sasa kero yangu. Swali la 9 linauliza kama umewahi kuwaza bora ufe au ujidhuru. Mlango uko wazi, foleni nje inanitazama, nesi kaingia kuomba glavu. We ungejibu nini? Nikasema hapana, tena kwa sauti. Nilimwambia ukweli wiki 2 baadaye, siku ya kurudi, mvua imenyesha hakuna watu, ndo ikajulikana ile 14 ya mwanzo ilikuwa pungufu, kumbe ukweli ni 16. Hakushtuka. Aliniuliza kama nimeshapanga namna ya kufanya, nikasema hapana ni mawazo tu, akauliza naishi na nani, akaniomba ruhusa tumpigie dada palepale, na dawa akawa ananipa chache chache badala ya mzigo wa mwezi.

Dawa yenyewe ya sonona ni fluoksetini miligramu 20, kidonge 1 asubuhi. Alinionya mapema kwamba wiki ya kwanza kichefuchefu na wasiwasi vinaweza kuzidi, na vilizidi kweli, nisingeambiwa ningeitupa chooni. Nafuu niliiona wiki ya nne hivi, nikashtuka nimefika Kariakoo nimesimama njia nzima na nilikuwa nabishana Simba na Yanga na konda. Nilimwomba pia za usingizi, zile jirani anameza, akakataa, akasema zinazoeleka halafu kuziacha ni kazi.

Shida nyingine dirisha la dawa, mara mbili nimeambiwa zimeisha nikanunue nje. Na mwezi wa tatu nilimkuta dokta mwingine, faili halionekani, nikaanza kusimulia upya toka kwenye mihogo.

Sasa hivi kwenye yale maswali 9 niko kwenye 5. Nilitaka kuacha dawa maana najisikia mzima, dada dokta akasema niendelee miezi 9 hadi 12 tangu nilipopata nafuu, halafu tutapunguza taratibu, nisikate ghafla. Kwa anayetaka kwenda, wahi saa moja asubuhi kabla kliniki ya watoto haijaanza, na ukiingia omba mlango ufungwe. Mi nilikuja kuomba siku ya tatu, wakaufunga bila hata kuuliza.