Tahadhari: wakala anayeuza safari ya Los Angeles hadi Las Vegas kupitia jangwani

Ndugu zangu mnaoishi California, na ninyi mnaotarajia kupokea wageni kutoka nyumbani, naomba msome tahadhari hii kabla ya kumtumia mtu yeyote fedha. Kuna wakala anayejitangaza kwa Kiswahili katika makundi ya WhatsApp, akiuza safari ya siku mbili kwa basi dogo hadi Las Vegas, kwa ahadi kwamba abiria watapitia bonde la Death Valley, na kesho yake watapelekwa kwenye korongo la Grand Canyon kisha warudishwe Los Angeles usiku huohuo. Mimi na jamaa zangu tulisafiri naye, na tulichouziwa sicho tulichopewa.

Basi lilifuata barabara kuu ya I-15 hadi Baker, kijiji kidogo katika jangwa la Mojave chenye kipimajoto cha urefu wa mita 41 hivi kando ya barabara. Dereva alitushusha tupige picha, akatuambia kwamba hapo ndipo Death Valley. Sivyo hata kidogo. Kipimajoto hicho kilijengwa kuwa kumbukumbu ya nyuzi joto 56.7 zilizopimwa Death Valley tarehe 10 Julai 1913, lakini bonde lenyewe, ambalo sehemu yake ya Badwater iko mita 86 chini ya usawa wa bahari, liko mbali na hapo, na kulifikia lazima uiache I-15 na kushika njia ya kaskazini.

Kilichoniuma kuliko fedha ni kwamba kiyoyozi kiliharibika tangu mji wa Barstow, katika joto la kiangazi, na mle ndani hamkuwa na maji ya akiba. Mama yetu mkubwa, ambaye ana shinikizo la damu, alikuwa amejiegemeza dirishani na mtandio uliolowa kichwani, na dereva alikataa kusimama kwa madai kwamba tumechelewa.

Hoteli tuliyoambiwa imo ndani ya bei ilikuwa na sharti ambalo halikutajwa: asubuhi watu wazima wote waliingizwa katika ukumbi wa mauzo, wakashinikizwa kununua haki ya kutumia chumba cha mapumziko kwa wiki chache kila mwaka. Hadi tunatoka, mchana ulikuwa umeingia na Grand Canyon ikafutwa. Ahadi hiyo haikuwezekana tangu mwanzo, kwa kuwa ukingo wa kusini wa korongo hilo uko takriban kilomita 450 kutoka Las Vegas, na kutoka huko kurudi Los Angeles ni kama 800 nyingine. Aliyetia saini mkataba wa kununua haki hiyo ya chumba katika jimbo la Nevada, liliko Las Vegas, ajue kwamba sheria inamruhusu kuuvunja kwa maandishi ndani ya siku 5.

Wakala huyu hupokea arubuni kwa Zelle pekee, njia ya kutumiana fedha kati ya akaunti za benki, ambayo fedha ikishatoka ni vigumu sana kuirudisha, na tulipodai chetu alitufungia simu. Sheria ya California inawataka wauzaji wa safari wajisajili kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo na kuonyesha namba ya usajili katika matangazo yao. Mwombeni namba hiyo na muihakiki kabla ya kulipa. Waliokwisha kumlipa wasifute ujumbe wala risiti, na wapeleke malalamiko katika ofisi hiyohiyo, kama tulivyofanya sisi.