Uzoefu wangu na tuisheni ya Kiingereza kwa mwanangu wa kidato cha kwanza

Mwanangu alisoma shule ya msingi ya serikali hapa Morogoro, ambako masomo hufundishwa kwa Kiswahili, na ghafla Januari akajikuta kidato cha kwanza akifundishwa baiolojia na jiografia kwa Kiingereza. Kila jioni alirudi na maswali ya ufahamu, akayajibu kwa kunakili sentensi nzima kutoka kwenye kifungu bila kujua zinasema nini.

Kituo cha kwanza nilichompeleka kilinikatisha tamaa. Majibu yaliandikwa ubaoni, watoto wakanakili, na daftari likajaa alama za vema ilhali alama za shuleni zilibaki palepale. Baada ya miezi miwili nilimhamishia kwa mwalimu mstaafu anayefundisha barazani kwake siku tatu kwa wiki, kwa shilingi 30,000 kwa mwezi.

Mwalimu huyu hamfanyii mtoto kazi yake ya nyumbani. Mtoto husoma kifungu kwa sauti mara mbili, hukifunika, kisha husimulia kwa Kiswahili alichokielewa. Akikwama, hurudishwa kwenye aya ileile iliyomshinda, na maswali hayaguswi mpaka masimulizi yakamilike. Katika sarufi, anaanzia kwenye lugha ambayo mtoto tayari anaimudu. Mwanangu alizoea kuandika "did not went", na hakuna aliyewahi kumweleza kosa liko wapi. Mwalimu alimuuliza kwa nini tunasema "hakuenda" na wala hatusemi "hakulienda", naye akatambua mwenyewe kwamba "ku" imekwisha kubeba wakati uliopita, kama "did" inavyoubeba, hivyo kitenzi kinachofuata hakina haja ya kuubeba tena. Kosa hilo sijaliona tena daftarini. Kuchanganya "he" na "she" kumechukua muda mrefu zaidi, maana "yeye" wetu habagui jinsia, na hadi leo huteleza anapozungumza haraka.

Mazungumzo hufanyika Jumamosi. Kila mtoto huzungumza dakika tatu bila kukatizwa, na makosa husomwa baadaye pasipo kutaja jina la aliyeyafanya, jambo ambalo kwa mtoto aliyekuwa akichekwa darasani lina thamani kubwa mno. Sasa huniomba nimsikilize nyumbani.

Kasoro zipo. Watoto walikuwa sita, leo ni kumi na mmoja, na dakika tatu zimekuwa mbili; insha nazo huchelewa kusahihishwa, wakati mwingine kwa wiki nzima, hata mtoto akawa amesahau alichokusudia kuandika. Nilimweleza Mwalimu jambo hili kwa heshima, naye amekubali kuwagawa katika makundi mawili kuanzia mwezi ujao. Nitaendelea kulipa mpaka mwanangu afanye upimaji wa kidato cha pili, na mzazi anayetafuta msaada wa namna hii namshauri aombe kwanza kukaa barazani siku moja, asikilize ni nani anayezungumza zaidi, mwalimu au watoto.