Boksi la kioo au la wavu kwa vinyonga wadogo?

Wale vinyonga wadogo wa Usambara na Uluguru, Rieppeleon brevicaudatus, wenye kijindevu, wengi wanaowafuga wanawawekea boksi la wavu kama la vinyonga wakubwa. Kwenye wavu hewa inapita vizuri, sikatai, ila unyevu unapotea fasta, udongo unakauka na mayai yananyauka humo humo, inauma sana. Mimi nasema kioo, mfuniko tu ndo uwe wa wavu, chini weka kokoto, juu yake udongo sentimita 10 hivi maana jike anachimba kutaga, halafu majani makavu na vijiti vyembamba vya kulalia usiku. Joto lisizidi nyuzi 25. Na madume wawili usiwachanganye jamani, wanasumbuana.