Kochi la kijani: miezi minne na wachekeshaji wa sebuleni

Mimi ni fundi cherehani, nipo Buguruni. Kazi yangu inataka macho na mikono, masikio inayaacha bure, kwa hiyo kutwa nasikiliza. Redio nimezimaliza, mawaidha nimeyamaliza, umbea wa mastaa nao umeniishia hamu. Miezi minne iliyopita dada wa saluni ya jirani akanirushia linki ya kipindi cha YouTube, akaandika: "Sikiliza ukiwa unapiga pindo, ila angalia usijidunge sindano." Nikafungua.

Jina lao sitalitaja, maana nina lawama nao mbili tatu na sitaki kesho niambiwe nimechafua watu. Wewe ukiwa mfuatiliaji utawajua kwa kochi. Kochi la kijani la watu watatu, mkono mmoja umechanika, wameufunika kwa kitambaa cha kufuma kama cha sebule za miaka ile. Ukutani wametundika khanga, na maneno ya khanga yanasomeka nusu tu, nusu nyingine inazibwa na kichwa cha mnene. Wako watatu: huyo mnene, Mnyamwezi wa Tabora; dada mmoja Mzaramo wa Kisarawe; na kijana wa miwani ambaye kila wiki anataja kabila jingine. Wote wachekeshaji, wa jukwaani na wa vile vipande vifupi vya simuni. Wanarekodia Tabata, sebuleni kwa mmoja wao. Studio hakuna. Jogoo yupo.

Kila Ijumaa wanaweka kipindi cha dakika hamsini hivi, mada moja, na mada zenyewe si za kuchekesha hata kidogo: mikopo, kipigo cha ndani ya ndoa, wanaume wanaokaa kimya mpaka wanaumwa, wazee wanaoachwa kijijini, mabinti wa kazi. Nilidhani watakuwa wanatania tu juu juu kisha waombe tu-subscribe. Sivyo.

Kinachokibeba kipindi, kwa maoni yangu, ni kwamba mnene na dada ni watani wa kweli. Mzaramo na Mnyamwezi wanatukanana tangu enzi za mababu na hakuna anayenuna, aliyekulia Pwani hahitaji kuelezwa. Dada anamwita mnene mpagazi, anamuuliza ule mzigo alioushusha pwani karne iliyopita alilipwa au bado anadai. Mnene anamjibu kwamba Mzaramo akiuza kiwanja anaanza kucheza ngoma kabla hajahesabu hela. Mimi mwenyewe Mzaramo nikacheka mpaka uzi ukakatika, maana babu yangu aliuza kiwanja hivyo hivyo.

Na huyo babu alipofariki, nikiwa mdogo, nilimwona mtani mmoja wa Kinyamwezi akitandika mkeka karibu na jeneza, akalala, akajifunika shuka hadi usoni, akasema haondoki mpaka apewe kuku kwa kuwa marehemu kafa na deni lake. Shangazi aliyekuwa akilia tangu alfajiri alicheka, akamtupia ndala, kisha akarudi kulia. Kitu ambacho nilikuja kukielewa ukubwani ni udongo uliokuwa miguuni kwa yule mtani. Alikuwa ametoka kuchimba kaburi. Tangu asubuhi alikuwa shimoni, ndiyo maana akathubutu kulala pale na hakuna aliyemfukuza.

Sasa mimi nikisikiliza mchekeshaji anagusa jambo zito, hicho ndicho ninachokitazama: miguu yake ina udongo au haina. Mnene na dada wanao. Huyu wa miwani, mara nyingi, hana.

Kipindi kilichoniteka ni cha kausha damu, ile mikopo ya haraka yenye riba kali. Mnene alikopa kwenye programu moja ya simu, akachelewa kulipa, wale watu wakaanza kutuma ujumbe kwa kila namba iliyokuwa kwenye simu yake. Mmoja ukamfikia mama yake mdogo Tabora vijijini. Mama mdogo hajui kusoma, akaupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti naye alipoona neno "DENI" kwa herufi kubwa akadhani ni agizo kutoka wilayani, akagonga kengele, akaitisha kikao. Watu wameacha mashamba, wamekaa chini ya mwembe, mwenyekiti anasoma kwa sauti ya serikali: "Mjulishe ndugu yako alipe fedha za watu kabla ya saa kumi jioni." Mzee mmoja akanyoosha mkono, akauliza: kijiji kizima tunadaiwa kila mmoja shilingi ngapi?

Nilizima cherehani ili nicheke vizuri.

Halafu mnene akanyamaza. Akasema sikukuu ile hakwenda nyumbani, wala iliyofuata, na mama mdogo aliugua akapona hakumwona, kwa sababu angepitaje pale kwenye mwembe? Nilisubiri dada arushe kombora, mtani wake kajianika mwenyewe. Hakurusha. Alichukua kikombe cha chai kilichokuwa mbele yake akakisogeza upande wa mnene, basi. Zikapita kama sekunde kumi hakuna anayeongea. Jogoo akawika. Hawakukikata kile kipande, wamekiacha hivyo hivyo na jogoo wake, na nadhani ndiyo sehemu bora waliyowahi kurekodi.

Sababu ya kunigusa naijua. Kabla ya Idi nilitaka vitambaa vya kutanguliza, nikakopa kwa njia hiyo hiyo laki mbili. Ikaingia laki na arobaini, iliyobaki eti ada. Siku saba nirudishe laki mbili na thelathini. Ya nane tu, ujumbe ukamfikia mama mkwe, ukamfikia mteja aliyenipa mshono wa harusi, ukamfikia hadi fundi bomba niliyempigia mara moja mwaka juzi. Mama mkwe nilimdanganya kwamba ni matapeli wa mtandaoni wameiba namba. Mume wangu sikumwambia chochote. Nililipa kidogo kidogo, nikawa naficha simu chini ya vipande vya kitambaa.

Jioni ya kipindi kile baba watoto alikuwa anakula, nikakirudia kwa sauti bila kusema neno. Alipofika kwenye kikao cha mwembe akapaliwa na ugali kwa kucheka. Nikamwambia, "Na mimi ni hivyo hivyo." Akasogeza sahani pembeni. "Shilingi ngapi?" Hakuna kipindi cha redio, hakuna somo la ujasiriamali, hakuna semina ya kikoba iliyowahi kunifungua mdomo.

Wiki iliyofuata wakaleta mwanasheria, na hapa niwasifu kwa sababu hawakumleta kama pambo. Alieleza kwamba biashara ya mikopo midogo ina sheria yake tangu mwaka 2018, mkopeshaji lazima awe na leseni, na kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni. Nilikwenda kuitafuta orodha. Yangu nikaikuta. Akaeleza pia kwamba kuchukua namba za watu kwenye simu yako na kuwatumia habari za deni lako ni jambo linalogusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume ya kupokea malalamiko ya namna hiyo. Mnene akamuuliza, "Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji naye nimshitaki?" Mwanasheria alicheka mpaka akavua miwani. Lakini alijibu swali, na mimi nikaandika jibu nyuma ya daftari la vipimo.

Sasa lawama.

Kipindi cha kipigo cha ndoani niliishia katikati. Kijana wa miwani alianza na mzaha wa mwanamke aliyevimba jicho, kwamba sasa akimfungulia mlango mgeni mmoja anaona wawili. Nina wateja wanaokuja kushona magauni ya mikono mirefu joto la Januari, na siwaulizi kwa nini. Ule mzaha ulimwangukia nani? Mwanamume aliyepiga hakuguswa hata kidogo, alitoka pale msafi. Dada alijaribu kumrudisha barabarani, yeye akazidi kukata kona. Na katika dakika hamsini zote (nilikuja kukimalizia kesho yake, kwa hasira) hakuna aliyetaja kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kuwa hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Haikutajwa. Wala dawati la jinsia polisi halikutajwa. Kwa mada ya mikopo walileta mwanasheria, kwa mada ya watu kuumizwa wakaona wanatosha wenyewe. Wiki iliyofuata dada aliomba radhi, kwa ufupi, macho chini. Mwenye mzaha alikuwa anachezea simu.

Kuna na mlango ambao hawaufungui kabisa. Mada ikisogea karibu na wakubwa utawaona wanajikohoza, mnene anasema "turudi Tabora", na wanarudi Tabora. Siwezi kuwalaumu sana kwa hilo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza mwaka 2018, leseni na ada zake zilifika zaidi ya shilingi milioni mbili, na Dar wapo wachekeshaji waliokwishalala kituo cha polisi kwa sababu ya utani wa picha. Afadhali waseme tu kwamba hapa hatuingii, kuliko kujifanya hawakuuona mlango.

Watu wananiuliza, hawa wana tofauti gani na komedi za zamani? Nilikua nikimtazama King Majuto kwa jirani mwenye televisheni, tukilipa kwa kumchotea maji, na alipofariki Agosti 2018 mtaa wetu ulipoa kama kafa mjomba. Majuto alikuwa anasema mambo mazito, ila aliyasema akiwa mtu mwingine, mzee bahili, baba mkorofi. Orijino Komedi nao walivaa sura za watu. Hawa wa kochi la kijani hawavai kitu. Mnene akisema nilidaiwa, ni yeye. Ni vigumu zaidi, na ndiyo maana wakikosea inauma zaidi.

Mwezi uliopita walitangaza kurekodi mbele ya watu, kiingilio elfu kumi pamoja na soda, nikaenda. Tangazo lilisema saa nane. Tumeanza saa kumi na moja kasoro kwa sababu mtu wa sauti "yuko njiani", na mimi najua njiani ya Dar ni kitu gani. Viti vya plastiki uani, jua la pembeni, soda ya moto. Walipoanza, LUKU ikakata, mwenye nyumba akakimbia kununua umeme huku mnene akituchangamsha bila maiki. Kusema ukweli dakika zile ishirini zilinilipa elfu kumi yangu. Alizungumzia wazee wanaoachwa kijijini, hakuna kamera, hakuna spika, unasikia tu sauti ya mtu mzito akihema, na mama mmoja nyuma yangu akawa anaitikia "ndiyo, ndiyo" kama yuko msikitini. Umeme uliporudi hicho kipande hakikuwa kimerekodiwa. Hamtakiona.

Kilio changu cha mwisho ni sauti. Sebule ina vigae chini, bati juu bila dari ya maana, dirisha kubwa limeachwa bila pazia, kwa hiyo maneno yanagonga ukuta na kurudi. Ukiwa na spika ya kawaida kama yangu, na cherehani inanguruma, neno moja kati ya matano linapotea, na kwa mchekeshaji neno likipotea kichekesho kimekufa. Bodaboda wakipita nje ndiyo kabisa. Watu wanawaandikia wanunue maiki za bei mbaya, lakini mimi naona tatizo ni lile dirisha.

Siku ile ya kurekodi nililipima kwa macho, macho yangu hayakosei zaidi ya inchi mbili. Upana mita mbili na nusu, kimo kama mita moja na sitini. Kitambaa kizito cha pazia ninacho, rangi ya udongo, kilibaki kwenye kazi ya mteja aliyehama bila kukifuata. Kikikunjwa marinda mara mbili kinapunguza mwangwi. Niliwaandikia WhatsApp kwamba nawashonea bure, nauli yangu mwenyewe, sharti moja tu: siku ya kulitundika kijana wa miwani ndiye ashike ngazi, nina maneno naye.

Tiki mbili za bluu tangu Jumanne. Hawajajibu.