Street Triple R au RS, au uchukue R ufunge vitu mwenyewe? Uzoefu wangu

Nianze na bei maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Triumph walipotoa pikipiki yao ya Street Triple 765 mpya mwaka 2023, matoleo mawili, R ya kawaida na RS ya juu, hapa Uingereza R ilikuwa pauni 9,595 na RS pauni 11,295, yaani tofauti pauni 1,700, na kila mpenda pikipiki ninayekutana naye ana hesabu ile ile kichwani, kwamba si bora nichukue R halafu hiyo elfu moja na mia saba nijinunulie vitu vyangu nifunge taratibu? Mimi nilichukua R. Jamaa yangu mmoja mtu wa Mombasa, tunaishi wote Leicester, yeye akachukua RS miezi kadhaa baadaye, tunaendesha pamoja na tumeshabadilishana pikipiki mara nyingi tu, kwa hiyo hapa naongelea kitu nilichokikalia siyo nilichosoma kwenye karatasi ya muuzaji.

Kwanza tuelewane, R siyo pikipiki ya kuonea huruma. Injini ni ile ile silinda tatu 765cc, ukoo mmoja na zile injini ambazo Triumph anawapa timu zote za Moto2, yale mashindano ya dunia ya daraja la chini ya MotoGP, tangu 2019. Toki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, ni sawa kabisa, Nm 80 kwa zote mbili. Kuikshifta (kubadili gia bila klachi) ya kupanda na kushuka ipo kwenye zote, ABS, breki zisizofunga tairi, inayofanya kazi hata ukiwa umelala kwenye kona ipo kwenye zote, mfumo wa kuzuia tairi la nyuma kuteleza upo kwenye zote. Uzito umepishana kilo moja, 189 na 188. Mtu akikwambia R ni ya wanaoanza mpuuze.

RS inachoongeza ni hivi: nguvu za farasi 130 badala ya 120, shokapu ya nyuma ya Öhlins STX40 (jina kubwa kwenye shokapu) badala ya Showa, shokapu za mbele ni Showa zote mbili ila za RS ni daraja la juu, kalipa za breki (zile zinazobana diski) Brembo Stylema badala ya M4.32, tairi za Pirelli Supercorsa SP badala ya ContiRoad, kioo cha dashibodi cha TFT cha inchi 5, modi ya treki (uwanja wa mbio) na saa ya kupimia mzunguko wa treki, na imenyanyuliwa kidogo kwa nyuma na shokapu za mbele zimesimama wima zaidi kwa hiyo inaingia kona haraka. Siti milimita 836, ya R 826. Mimi mrefu kwa hiyo haikunihusu ila kwa wafupi hiyo sentimita moja kwenye taa nyekundu wanaijua.

Sasa mimi nilipokuwa nachagua sikuangalia orodha nani ana majina makubwa, nilijiuliza tu kipi hapa naweza kukifunga baadaye na kipi siwezi. Hilo ndilo swali lenyewe, mengine ni mapambo. Tairi unabadilisha, utabadilisha upende usipende. Pedi za breki unabadilisha. Springi, mafuta ya shokapu, hosi za breki, vyote hivyo fundi anafanya siku moja. Lakini zile nguvu 10 za juu huzipati kwa kununua ekzosi, modi ya treki huipakui popote, kioo kikubwa kukihamishia kwenye R ni kujitafutia ugomvi na waya na waranti. Kwa hiyo kama roho yako iko kwenye hivyo visivyofungika nunua RS, kwisha habari. Kama iko kwenye vinavyofungika endelea kusoma.

Hizo farasi 10. Zinakuja juu kabisa, R inafika kilele kwenye mizunguko 11,500 ya injini kwa dakika na RS 12,000, huku chini ambako unaishi siku zote huoni tofauti, nimejaribu kuitafuta kwa makusudi kabisa nimeikosa. Barabara za vijijini hapa mwisho ni maili 60 kwa saa na motawei 70, gia ya pili tu ya R inakutosha kupoteza leseni. Treki ndiyo habari nyingine, kwenye uwanja wa Donington ukitoka kona ya mwisho ukafungua wote, pale RS inapumua na R inakuwa imeshamaliza maneno yake. Basi.

Nije kwenye springi maana hapa ndipo pesa yangu ilipokwenda na ndipo watu hawataki kunisikiliza. Mimi nina kilo 98, nikivaa nguo za ngozi, buti, helmeti na kile kibegi cha mgongoni napita 105. Pikipiki karibu zote zinatoka kiwandani na springi za kumbeba mtu wa wastani, na huyo wa wastani wao siyo mimi niliyekulia ugali. Sasa unapima hivi: pikipiki inanyanyuliwa magurudumu yasibebe kitu, unapima urefu, halafu unapanda na nguo zako zote za safari unapima tena, ile tofauti ndiyo inakwambia uzito wako umekula kiasi gani. Kwa barabarani watu wanataka kama milimita 30 mpaka 40. Yangu ilikuwa imezama kupita hapo, na unaweza kukaza ile nati ya juu mpaka mwisho lakini kukaza siyo kuongeza ugumu wa springi, unainyanyua tu ikae juu zaidi, springi inabaki laini vile vile, ukishika breki kwa nguvu pua inakwenda chini na kwenye kona yenye mabonde unaona kabisa inayumba.

Nikaenda kwa fundi wa shokapu, siyo muuzaji wa pikipiki, fundi ambaye kazi yake ni shokapu tu, mzee mmoja mpole hana maneno mengi. Nilikuwa nimejiandaa kununua shokapu ya Öhlins ya nyuma, nimeshaiweka kabisa kwenye kapu la mtandaoni. Mzee akanipima, akanipandisha juu ya pikipiki, akaandika namba zake, akaniambia usinunue hiyo, nipe muda nikuwekee springi zinazokufaa mbele na nyuma na mafuta mapya, ukishindwa kuridhika rudi nikufungie hiyo Öhlins. Nililipa pesa ya kawaida tu, chini sana ya ile shokapu, na sijarudi. Pikipiki ikawa nyingine. Ukiniuliza kipi ndani ya pauni 1,700 kinaleta mabadiliko makubwa kuliko vyote nakwambia springi za uzito wako, na hakuna mtu atakayeziona mkikutana kwenye maegesho, hiyo ndiyo sababu hazinunuliwi. Jina la dhahabu linaonekana, springi haionekani.

Na sasa sikia hii, yule jamaa yangu wa RS ana kilo 64. Mwembamba. Zile shokapu zake za bei zilikuwa zinamrusha kwenye kila kiraka cha barabara, na barabara za hapa siku hizi zina mashimo siyo mchezo, akawa analalamika, "Ndugu yangu, hii yangu yanipiga mgongo wallahi, na pesa nimetoa." Shokapu nzuri kweli lakini haijui nani amekaa juu yake. Naye akaishia kwa mzee yule yule, akawekewa springi laini zaidi, na zile skrubu za dampa, zinazopunguza kasi ya shokapu kucheza, zikalegezwa. Kwa hiyo usidhani ukinunua toleo la juu umemaliza, kazi ya kuipima kwa mwili wako ipo pale pale, tofauti ni kwamba wewe umeshalipa zaidi.

Tairi ndiyo kichekesho. Supercorsa SP zinazokuja na RS ni tairi tamu sana zikipata joto, juu ya lami kavu mwezi wa saba unahisi kama umegandishwa na gundi. Lakini ni tairi za treki zilizoruhusiwa barabarani, mwezi wa kumi na moja Leicestershire, mvua ya manyunyu, digrii 5, hazipati joto hata uzisomee dua, na jamaa anakwenda nayo kazini kila siku. Akazitoa mapema akafunga za barabarani. Mimi na ContiRoad zangu nilikuwa napita kwenye maji bila wasiwasi. Kwa treki nilinunua jozi nyingine laini zaidi, kama pauni mia tatu hivi na kufungiwa, nikapata sehemu kubwa ya kile RS inachokupa kwenye kona. Nusu ya "maajabu" ya toleo la juu watu wanayosifia baada ya kuliendesha ni tairi, weka tairi zile zile kwenye zote mbili halafu uniambie tena.

Breki, nimebadilisha pedi tu na mafuta ya breki. M4.32 zinasimamisha vizuri. Stylema nazikubali, hasa ile lever ya RS unayoweza kubadilisha namna inavyouma, mzunguko baada ya mzunguko inabaki vile vile haibadiliki mkononi. Kwa barabarani sikuitamani, kwa treki niliitamani.

Sasa hesabu ya kuigeuza R iwe RS, maana kuna watu ndio mpango wao. Shokapu ya nyuma ya Öhlins peke yake unakaribia kugusa elfu moja na haujalipa ufundi, kalipa za Stylema jozi mia kadhaa nyingine, ndani ya shokapu za mbele kubadilisha mitambo mia kadhaa tena, lever, tairi, ukija kujumlisha umeshaivuka 1,700 na bado farasi 10 hauna, kioo hauna, modi ya treki hauna. Na siku ya kuuza hakuna mtu anakulipa hivyo vitu, mnunuzi anaona R yenye vitu vya kubadilisha, wengine wanaogopa kabisa wanahisi imepigwa sana treki. RS ikiuzwa inauzwa kama RS. Kiwanda kinanunua shokapu kwa maelfu, wewe unanunua moja, hiyo vita hushindi. Kwa hiyo R plus springi plus tairi ndiyo sawa, R inayojaribu kuwa RS hapana. Na kama unachukua kwa mkopo ule wa PCP, wa kulipa kidogo kila mwezi na pesa kubwa mwishoni ukitaka kuimiliki, tofauti kwa mwezi inakuwa ndogo kiasi kwamba muuzaji anakubembeleza nayo, "ni kidogo tu kwa mwezi bwana", hapo angalia na ile pesa ya mwisho ya kuimiliki siyo ya mwezi tu.

Bima pia. Hapa Uingereza kila ulichobadilisha unatakiwa ukitaje, usipotaja ukapata ajali wanakutafutia sababu. Springi na pedi hazikunisumbua. Ekzosi na kuchezea kompyuta ya injini ndiyo simu inakuwa ndefu. Ekzosi kwa kweli sijagusa, silinda tatu inalia vizuri ilivyo, na Donington wana sheria kali za kelele, nimeona mtu kaja na bomba lake la bei mbaya kapimwa asubuhi akaambiwa arudi nyumbani, kalipa siku nzima hajazunguka hata mara moja.

Siyo pikipiki zote hesabu inakuwa hivi lakini. Yamaha MT-09 za mwanzo zilijulikana kwa ulaini wa shokapu, watu walikuwa wananunua na siku hiyo hiyo wanaagiza springi, mpaka Yamaha wenyewe wakaleta toleo la juu, SP, mwaka 2018 yenye Öhlins nyuma. Ya 2021 Marekani ya kawaida ilikuwa dola 9,399 na SP 10,999, na kwenye hiyo 1,600 unapata Öhlins nyuma, shokapu za KYB za daraja la juu mbele na kruzi kontro, inayoshika mwendo bila mkono, juu yake, pale kama unatembea safari ndefu mimi nisingefikiria mara mbili, SP. Ducati Panigale V4 na V4 S ndiyo kabisa, S ina shokapu za Öhlins za umeme zinazojirekebisha zenyewe, rimu nyepesi za Marchesini na betri ya lithiamu, kitu cha umeme kimefungamana na kompyuta ya pikipiki huwezi kuja kukibandika baadaye kwa bei ya kibinadamu. Mwenye pesa ya Panigale lakini haniulizi mimi.

Kuna mdogo wangu Dar ameniandikia juzi, kapata Yamaha R1M iliyotumika, toleo la juu la R1, anataka kujua aongeze hela achukue hiyo au R1 ya kawaida. Shikamoo kaka, naomba ushauri. Nikamwambia marahaba, mashine hiyo nzuri sana, Öhlins za umeme, maganda ya kaboni. Ila dogo, hiyo shokapu ikianza kuvuja mafuta nani ataifungua hapo mtaani kwako? Na lile ganda la kaboni ukidondoka nalo barabara ya Bagamoyo linagharimu kiasi gani kuliagiza? R1 ya kawaida ina KYB unazikaza kwa bisibisi, fundi makini wa shokapu anazielewa. Akanijibu lakini kaka M ndiyo inaonekana. Nikamwambia basi kama ni kuonekana chukua M, ila upime springi kwanza maana na wewe kwa chipsi mayai hizo siyo wastani tena.