Mabegi ya keria na hema: nilinunua kwa mpangilio mbaya, huu ndo uzoefu wangu

Wadau wa baiskeli salaam. Hii ni tathmini yangu ya mabegi ya keria, yale mawili ya kuning'iniza pembeni mwa tairi la nyuma, lita 20 kila moja, pamoja na vitu vya kulala nje, baada ya miaka miwili ya kuvitumia na kuvitesa. Nianze na kosa maana ndo limenifundisha kuliko kitu kingine: nilinunua mabegi kwanza, hema likafuata, keria nikachukua ya mwisho tena ile yoyote iliyokuwepo. Aisee, matatizo mengi nitakayoandika hapa chini ukiyafuatilia kwenye mzizi wake unakutana na ile keria.

Keria yangu ya kwanza ilikuwa ya kubana kwenye bomba la siti, inakaa inaelea hewani haina miguu ya kushuka chini. Ilikuwa imeandikwa kilo 10 ubavuni na mi nikasoma kama ushauri tu, nikapandisha mabegi yenye kilo kama 16. Haikuvunjika, ila kwenye kona ilikuwa inageuka kushoto na kulia kama mkia na begi linagusa spoku, ukisikia ule mlio nyuma yako unasimama mwenyewe bila kuambiwa. Ile namba iliyogongwa kwenye keria ni kikomo, mizigo yako yote pamoja na mabegi yenyewe inahesabiwa humo, na mabegi matupu mawili ya aina hii yanakaribia kilo 2 kabla hujaweka hata soksi.

Ya pili ndo ninayo mpaka leo, ya chuma, miguu inafungwa kwenye matundu ya fremu karibu na ekseli, kikomo kilo 25. Kabla hujanunua angalia kama fremu yako ina hayo matundu juu na chini, na kama una breki ya diski angalia kifaa cha breki kimekaa wapi, maana kikiwa kimetokeza nje mguu wa kushoto wa keria unagonga pale na utalazimika kuweka bushi na bolti ndefu zaidi, na bolti ikiwa ndefu na mzigo uko mbali na fremu inapinda kirahisi. Kuhusu chuma na alumini sitaki ugomvi, zote zinafanya kazi, mi nilichagua chuma kwa sababu ikikatika fundi yeyote wa kuchomelea ataiunga, alumini inataka mtu mwenye mashine na ujuzi wake.

Sasa bolti. Siku ya tatu ya safari ya kwanza na hii keria mpya nateremka njia ya mawe, nikasikia kilio cha chuma, keria imelala upande mmoja. Bolti ya chini upande wa gia ilikuwa imejifungua yenyewe kwa mtikisiko na imeanguka huko nyuma sijui kilomita ngapi. Nilikaa chini nimekata tamaa kabisa mpaka macho yakatua kwenye kishikio cha chupa ya maji: bolti zake ni za milimita 5, saizi ileile ya keria! Nikachomoa moja nikafunga keria, chupa nikaibana kwa kipande cha tyubu, safari ikaendelea. Toka siku hiyo kila bolti ya keria naipaka ile gundi ya bluu ya kuzuia kulegea, nabeba bolti mbili za akiba, na kila asubuhi kabla ya kuondoka nazungusha alenki (ule ufunguo wa pembe sita) kwenye zote nne, ni dakika moja tu.

Turudi kwenye mabegi yenyewe. Ni ya kitambaa kilichopakwa plastiki, mdomo unakunjwa mara tatu nne halafu unafungwa kwa kibano, hayana zipu. Kwa mvua nayapa kumi kwa kumi, nimenyeshewa siku nzima na nguo ndani kavu. Lakini kuna kero ambayo muuzaji hakwambii, begi ni shimo moja refu, hakuna mfuko wa nje hakuna chochote, kwaiyo kile unachokitaka siku zote kiko chini kabisa. Mi nimeamua hivi: kulia ni kulala na nguo, kushoto ni jiko, vifaa na koti la mvua, kwa sababu nikisimama naegemeza baiskeli upande wa kulia, begi la kushoto ndo linabaki wazi. Na kitu chochote kilicholowa hakiingii humo, maana begi lisiloingiza maji halitoi maji pia, ukifungia hema bichi asubuhi jioni unatoa vitu vinavyonuka kama dishi la nguo zilizosahaulika.

Kufunga mabegi kwenye keria ndo sehemu watu wanairuka. Ndoano za juu zinakuja na vipande vidogo vya plastiki vya kupunguza upana, unachagua kulingana na unene wa bomba la keria yako, milimita 8 au 10 au 12. Mi sikujua ni vya nini nikaviacha kwenye mfuko, miezi miwili begi linacheza linagonga tuk tuk tuk mpaka likala rangi ya keria na kutu ikaanza. Weka vile vipande, halafu ile ndoano ya chini isogeze mpaka ishike mguu wa keria, hiyo ndo inazuia begi kuruka kwenye mashimo. Kisha panda, kaa kama unavyokaa siku zote na vile viatu utakavyosafiri navyo, zungusha pedali kinyumenyume. Kisigino kikigusa begi sogeza ndoano zote ili begi lirudi nyuma. Ukirudisha sana nyuma nako mzigo unapita ekseli na mbele panakuwa pepesi, unapanda mlima usukani unayumba, kwaiyo ni kutafuta pale katikati. Wenye miguu mikubwa na fremu fupi poleni, nyie mtafute mabegi madogo.

Uzito: mizito chini na karibu na fremu, pande mbili zilingane. Mizani ya kupimia watu inatosha, panda umelishika begi, kisha bila begi, toa. Kuna siku nilijaza begi la usukani kilo 4 kwa uvivu wa kupanga, kwenye mteremko baiskeli nzima ikaanza kutetemeka kama ina homa. Ukikutwa na hilo usikamate breki kwa nguvu, bana lile bomba la juu kwa magoti, punguza taratibu, inatulia.

Na mzigo wote ukiwa nyuma tairi la nyuma ndo linalipa. Nilikatikiwa na spoku mbili, zote upande wa gia, ambako ndo zinavutwa zaidi kuliko za kushoto, tena kuzibadilisha lazima gia zitoke kwa hiyo bila kile kifungulio chake spoku za akiba ni mapambo. Tairi nimetoka upana wa milimita 28 nikaenda 40 na sirudi.

Hema. Langu ni la watu wawili nalala peke yangu, kilo 2 na kidogo, ule upana wa ziada unalaza mabegi ndani. Linasimama lenyewe kwa fito zake bila mambo (vile vigingi vya kupigilia chini), na hapo ndo nalisifu, maana siku nyingine unalala kwenye sakafu ya saruji au udongo mgumu usiopenya mambo, wenzetu wenye mahema ya handaki, yale yasiyosimama bila mambo, wanabaki kutafuta mawe. Kosa langu ni kwamba sikupima fito zikikunjwa. Zangu ni sentimita 45 na begi halifungiki, basi nimezifunga juu ya keria zenyewe, kitambaa ndani ya begi. Kitambaa bila fito kinajazwa popote kwenye nafasi, hii ilikuwa raha sikuitarajia.

Godoro la upepo lilinipa usingizi wa kifalme usiku nne, wa tano mwiba. Saa nane za usiku niko juu ya ardhi, na baridi inatoka chini sio juu, maana manyoya ya mfuko wa kulalia yakilaliwa yanabanwa na hayashiki joto tena, ndo maana wanapima magodoro kwa namba ya R, yaani godoro linazuia kiasi gani joto lako lisiishie ardhini. Sasa nabeba la povu linalokunjwa, R yake kama 2, ni gumu kidogo na linakula nafasi, linafungwa nje hata likinyeshewa unafuta tu, na mwiba ukichoma haidhuru. Kwenye mfuko wa kulalia soma ile namba ya joto la starehe, usisome ile ya kikomo cha chini ambayo ndo wanaiandika kubwa. Mi wangu nilinunua kwa ile iliyoandikwa kubwa, nikalala na koti na soksi mbili.

Jiko sina mengi, la gesi ni la haraka na safi, ila mtungi hauingii kwenye ndege hata ukiwa mtupu nusu, kwaiyo ukisafiri mbali panga utaununua wapi ukishuka.

Kama ningeanza upya pesa ingeenda keria, tairi na spoku nzuri, halafu mabegi, hema mwishoni baada ya kupima nafasi iliyobaki. Mabegi nayapa nane kwa kumi, hema nane, godoro la upepo silipi kitu bado nina hasira nalo. Ule mgongano wa ndoano ya kulia haujaisha kabisa, nimezungushia kipande cha tyubu kwenye keria, kikanyamaza kama kilomita 200 hivi, jana kimeanza tena tuk tuk.